Kulichunguza Shauri la Mtu Tusiyemjua

(Ayubu 29:11–17)



Ayubu alipokwisha kupotewa na mali na watoto na afya yake, alikaa akizikumbuka siku zake za kwanza. Katika mlango wa 29 ahesabu mambo aliyoyatenda zamani, alipokuwa mtu wa kuheshimiwa penye lango la mji. Alimwokoa maskini aliyelia, aliufurahisha moyo wa mjane, alikuwa kama macho kwa kipofu na miguu kwa kiwete. Mambo hayo twayajua, maana yamehubiriwa mara nyingi. Lakini katika mstari wa 16 liko jambo ambalo wengi hulipita upesi. Hapo Ayubu asema ya kuwa hata shauri la mtu asiyemjua alilitafuta mpaka akalifahamu. Mtu yule hakuwa wa ukoo wake, wala jirani yake, wala hakuwa na kitu cha kumlipa. Ayubu hakumpa kwanza sadaka. Alimpa kwanza masikio yake, na wakati wake, na taabu ya kuuliza habari. Baada ya hayo ndipo alipojua msaada upi wafaa.

Jambo hilo twataka kuliweka mbele yenu mwezi huu, kwa kuwa kazi ile ya Ayubu inatafuta watu katika sharika zetu, na watu hawapatikani upesi.

Mwaona wenyewe jinsi mambo yalivyo. Sharika, dayosisi, vyama vya misaada na mifuko ya jamii hukusanya fedha kwa ajili ya wahitaji, na vikundi vya watu huleta maombi yao. Akina mama wataka saruji ya kuijengea chemchemi. Walezi wa yatima wataka sare za shule. Vijana wataka cherehani wajifunze kushona. Barua hizo, ambazo siku hizi huitwa maandiko ya miradi, ni nyingi kuliko fedha iliyopo. Kwa hiyo lazima wawepo watu wa kuzisoma na kuzipima, na kusema: hili lipewe, hili lingoje, hili lisipewe. Mara nyingi watu hao hawalipwi kitu. Huombwa kujitolea jioni zao na Jumamosi zao.

Nao wakiombwa, wengi hukataa. Mmoja asema, Mimi si mtu wa hesabu. Mwingine asema, Kazi hiyo huleta uadui. Ukimnyima mtu leo, kesho hakusalimu njiani. Wa tatu asema, Afadhali nitie shilingi zangu katika sahani ya sadaka, wengine wagawe. Maneno hayo yana kweli ndani yake. Lakini ikiwa watu wenye haya na wenye kumcha Mungu wakataa wote, sanduku litashikwa na nani? Yohana atukumbusha katika mlango wa 12 ya kuwa hata kati ya wale Thenashara mfuko ulishikwa na Yuda. Naye alikuwa mwivi, tena ndiye aliyetangulia kusema habari za maskini.

Kazi hii si mpya katika Kanisa la Kristo. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6, twasoma ya kuwa wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakulihesabu kuwa neno dogo. Waliwaagiza ndugu kuchagua watu saba, wenye sifa njema na hekima na Roho, wawekwe juu ya jambo hilo. Yasomeni majina ya wale saba: yote ni majina ya Kiyunani. Twaona ya kuwa Kanisa halikuogopa kuiweka huduma mikononi mwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukinung'unika. Tena Paulo alipokusanya changizo katika Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakutaka kulishika peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 8, aeleza jinsi alivyomtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao amechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kulaumu. Ikiwa Mtume mwenyewe alitaka mashahidi juu ya fedha ya maskini, sisi ni nani hata tuone uchungu tukiulizwa hesabu?

Nasi Walutheri tunao mfano ulio karibu nasi zaidi. Leisnig ni mji mdogo katika nchi ya Saksonia, Ujerumani, si mbali na Leipzig, mji ule ambao chama chake cha misioni kilianza kazi Kilimanjaro katika mwaka wa 1893. Katika mwaka wa 1523 Wakristo wa Leisnig waliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, naye Martin Luther akautoa katika chapa, akiutangulizia dibaji yake mwenyewe. Walikusudia kukusanya mali za wakfu na sadaka mahali pamoja. Humo wangelipwa wachungaji na walimu wa shule, na humo wangesaidiwa wazee, wagonjwa, yatima, na maskini wanaokaa nyumbani kwa kuona haya kuomba. Hata fundi aliyepatikana na shida aliweza kukopeshwa, apate kusimama tena katika kazi yake.

Basi, ni nani waliokuwa wa kuyapima maombi hayo? Utaratibu uliagiza wachaguliwe wasimamizi 10 kila mwaka: wawili wa makabaila, wawili wa baraza la mji, watatu wa raia wa mjini, na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku liwe na kufuli nne zenye funguo mbalimbali, na kila kundi lishike ufunguo wake, hata mtu asiweze kulifungua pasipo wenziwe. Wasimamizi wakutane kila Jumapili kushauriana, na mara tatu kwa mwaka watoe hesabu mbele ya mkutano wa wote.

Waangalieni wale wakulima watatu. Siku zile mkulima hakuwa mtu wa kuketishwa pamoja na kabaila, na hapa wakulima wamewazidi makabaila kwa hesabu. Twaona faida yake. Ni nani ajuaye nyumba ipi kijijini haijatoa moshi tangu juzi? Kabaila hajui, wala mtu wa barazani. Wahenga walisema, Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo imefaa mmoja aijuaye njaa awepo mezani pale shauri la njaa likatwapo.

Lakini hatutaki kuwaficha jambo. Utaratibu ule mzuri haukutosha. Baraza la mji halikukubali kuziachilia mali za wakfu zilizokuwa mikononi mwake, hata Luther akalipeleka shauri hilo mbele ya mtawala wa Saksonia, na kazi ikakawia. Kufuli nne zaweza kumzuia mwivi. Haziwezi kuugeuza moyo.

Habari za moyo huo twazijua kwa kosa letu wenyewe, nasi twaliungama hapa ili lipate kuwafaa wengine. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kukaa pamoja na watu wengine wanne kuyasoma maombi ya msaada. Tulikuwa na jioni mbili tu, na barua zilikuwa nyingi. Moja iliandikwa kwa mashine, safi, yenye majedwali na hesabu zilizopangwa vizuri. Ilitoka kwa kikundi cha mjini kilichotaka kufuga kuku kwa faida ya yatima. Nyingine iliandikwa kwa kalamu ya risasi katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Akina mama wa kijiji cha mlimani walitaka saruji na bomba wapate kuitengeneza chemchemi yao. Fedha waliyoiomba ilikuwa ndogo kuliko ya wenziwe. Lakini mwandiko wao ulikuwa mgumu, wala hapakuwa na hesabu kamili. Tuliisoma nusu yake, tukaiweka kando, tukashika nyingine. Wale wenye kuku wakapewa.

Hatusemi ya kuwa wenye kuku walikuwa wadanganyifu. Walifuga vema, na yatima wakapata faida. Kosa letu halikuwa kwamba tuliwapa hao. Kosa letu ni kwamba shauri la wale wengine hatukulichunguza, nasi tulijisemea moyoni ya kuwa tumelichunguza.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, tuliitwa kwenda kuzika katika kijiji kile kile. Tuliwakuta akina mama wakichota maji mahali ambapo mbuzi walikuwa wamekanyaga. Walitukaribisha kwa heshima, wakatupa chakula. Tulipokwisha kula, mama mmoja mzee akasogea, akauliza kwa upole, “Baba Mchungaji, ile barua yetu ilifika?”

Tukajibu, “Ilifika, mama.”

Akasema, “Basi Mungu ashukuriwe. Sisi tulidhani imepotea njiani.”

Ndugu, yule mama hakutulaumu hata kidogo. Moyoni mwake hakuweza kufikiri ya kuwa barua imefika mikononi mwa watumishi wa Mungu, isisomwe mpaka mwisho, wala isijibiwe. Aliona ni rahisi zaidi kwamba imepotea njiani. Siku ile tungalipenda kuwa ingalipotea kweli. Watoto wa kijiji wakati wa mvua ile walikuwa wakiugua matumbo, nasi hatukuthubutu kuuliza ni wangapi.

Tokea hapo tumejifunza mambo manne, nasi twayaweka mbele ya kila mtu atakayeitwa katika kazi hii.

La kwanza, tukumbuke fedha ni ya nani. Anayesoma maombi ya maskini huanza upesi kujiona mkubwa. Watu humwamkia kwa sauti laini; mwingine humletea jogoo nyumbani. Jogoo huyo arudishwe kwa maneno ya upole. Fedha iliyo mezani si yetu. Humo imo senti ya mjane aliyeitoa kwa Mungu, wala hakuitoa ili sisi tupate kusifiwa. Tena kama ombi ni la ndugu yako, au la kikundi ambacho mkeo yumo ndani yake, useme hivyo kabla ya kuulizwa, kisha utoke nje hata wenzako wamalize. Kufanya hivyo si kumkana ndugu. Ni kumlinda, watu wasije wakasema ya kuwa amepewa kwa sababu yako.

La pili, tulitafute shauri mpaka tulifahamu. Mithali 18:17 yatufundisha ya kuwa anenaye kwanza huonekana kuwa na haki, mpaka aje mwenziwe kumwuliza. Basi kila barua na isomwe mara mbili: mara ya kwanza ili kusikia watu wataka nini, mara ya pili ili kupima. Tuulize: Shida hii ni ya nani hasa? Wenye shida wenyewe wameulizwa? Fedha itashikwa na nani, na nani atakuwa shahidi? Bomba likivunjika mwaka wa pili, nani atalitengeneza? Maswali hayo tusiyafanye kuwa mitego ya kuwanasa watu, bali tuyaulize kama mtu ashikaye taa ili mwenziwe aone njia. Na mahali panapoweza kufikiwa, mmoja wetu aende akaone kwa macho yake. Kama barua haina hesabu nzuri, hiyo peke yake si sababu ya kuwanyima. Apelekwe mwalimu au kijana mwenye elimu akae nao siku moja, awasaidie kuziandika. Maana hatukuwekwa ili kuzipa zawadi insha nzuri.

La tatu, tushike kipimo kimoja kwa wote. Yakobo, katika mlango wa 2, alikemea kanisa lililompa kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kando. Siku zetu karatasi nzuri nayo yaweza kuwa pete ya dhahabu. Lakini upande wa pili nao una hatari. Sheria katika Walawi 19:15 yakataza kumwogopa mkubwa katika hukumu, tena yakataza hata kumpendelea maskini. Neno hili huwashangaza wengi. Lakini fikirini: mwenye kulia kwa sauti kubwa akipewa kwa ajili ya kilio chake tu, yule alizaye kimya kimya atapata nini? Huruma pasipo kupima humwibia mtu asiyekuwapo. Twaona vema kila msomaji aandike maoni yake kwanza peke yake, kabla mkubwa wa baraza hajasema neno. Maana mkubwa akitangulia kusema, wengine huitikia kwa vichwa, na hapo mmekaa watano lakini amesoma mmoja.

La nne, jibu lipelekwe. Hata likiwa la kunyima, lipelekwe pamoja na sababu yake, kwa maneno ambayo mtu wa kijijini aweza kuyaelewa. Mtu akiambiwa kwa heshima, Safari hii haikuwezekana kwa sababu hii na hii, aweza kurekebisha ombi lake na kulileta tena. Akinyamaziwa hujifunza neno moja tu, ya kuwa yeye si kitu. Na yote tuliyoyasoma, madeni ya watu na magonjwa yao na aibu zao, yasitoke nje ya mlango. Mtu amekufunulia jeraha lake kwa kuwa anataka dawa, usilitembeze sokoni.

Lakini kama tungeishia hapa, ndugu, tungekuwa tumewatwika sheria tu, na tungekwenda nyumbani wenye mizigo. Ni nani awezaye mambo hayo siku zote, kwa moyo safi? Sisi hatukuweza.

Luther alipofariki huko Eisleben katika Februari ya mwaka wa 1546, ilionekana karatasi aliyokuwa ameiandika siku zile za mwisho. Mwishoni mwake mtu yule aliyefundisha mataifa alikiri ya kuwa sisi sote ni waombaji. Basi ninyi mtakaoketi mezani kuyapima maombi ya wengine, jueni ya kuwa ninyi nanyi mmepeleka ombi. Nalo lilikuwa ombi la namna gani? Hesabu zake zilikuwa za deni tupu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, umefutwafutwa. Hatukuwa na shahidi wala mdhamini, na ahadi tulizoziandika tulikuwa tumekwisha kuzivunja. Kama Mungu angalisoma nusu na kutuweka kando, nani angalimlaumu?

Lakini Yeye hakufanya hivyo. Alimwambia Musa penye kile kijiti ya kuwa amekisikia kilio cha watu wake na kuyajua maumivu yao, tena ameshuka. Hakutosheka na kusikia, alishuka. Na wakati ulipotimia alishuka kuliko hapo, katika Mwana wake Yesu Kristo. Huyu aliona njaa yetu kwa macho ya kibinadamu, akanywa maji ya visima vyetu, akakaa na watu ambao shauri lao halikupendeza mbele ya mtu ye yote. Alilichunguza shauri letu mpaka mwisho, akaona ya kuwa haki yetu ni kunyimwa. Ndipo akalipa kwa damu yake mwenyewe, nasi tukapewa. Hilo ndilo jibu lililotufikia, wala halikupotea njiani.

Aliyelipokea jibu hilo aweza kukaa pale mezani pasipo kiburi, kwa kuwa yeye mwenyewe amepewa bure. Aweza kukaa pasipo hofu ya uadui, kwa kuwa sifa yake haimo mikononi mwa watu. Na akikosea, aweza kusimama mbele ya wenzake na kusema, Nimekosea, tulisome tena.

Nasi tulifanya hivyo. Tuliporudi kutoka mlimani tuliwaambia wenzetu habari za yule mama. Barua ikatafutwa, ikaonekana, ikasomwa mpaka mwisho, na safari hii mama mmoja wa kijiji kile akaitwa aje aeleze mwenyewe. Hesabu ikaandikwa upya, fedha ikatolewa, na chemchemi sasa imejengwa, yenye ukuta na bomba. Twamshukuru Mungu. Lakini majira mawili ya mvua yalikuwa yamekwisha kupita, na siku zile hatuwezi kuzirudisha.

Basi, walimu na wainjilisti, msomapo habari hii katika mitaa yenu, msiwatafute wenye elimu peke yao. Mtafuteni mama ajuaye bei ya unga. Mtafuteni mkulima aijuaye njia ya kila nyumba, na kijana ajuaye hesabu, na mzee asiyeogopa kumwambia mkubwa hapana. Waiteni hao kwa jina. Nawe utakayeitwa, usiseme upesi, Mimi siwezi. Labda mezani hapo ipo karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, na mwenye karatasi hiyo yuko mbali, hujui uso wake, naye anangoja.

Bwana Yesu, uliyelichunguza shauri letu tulipokuwa wageni kwako, utupe macho ya kusoma, na masikio ya kusikia, na miguu ya kwenda kuona, ili maskini wako wasingoje bure. Amina.